Tabo Tatu Katika Mwaka Mmoja

(Hotuba niliyoitoa Kate, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote litakalowafaa vijana, mradi lisizidi nusu saa na lisiwe la siasa. Kwanza nilitaka kueleza maisha ya chuo kikuu. Nikakumbuka kwamba kila mwaka mtu husimama hapa akaeleza maisha ya chuo kikuu, na kila mwaka vijana husinzia. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya chombo chenye ukubwa wa chungu cha mboga, kinachokaa ubavuni mwa injini ya lori. Madereva na mafundi hukiita tabo. Nimeichagua tabo kwa sababu niliisomea, na kwa sababu nina deni juu yake, nalo deni hilo ni la kwa mtu aliyemo humu ndani. Yeye anajua, na ameniruhusu niseme.

Nianze na yale tuyajuayo. Nani kati yenu hajaona mabaki ya malungu, zile tanuu ndefu za udongo ambazo wazee wetu wa Ufipa walitumia kuyeyushia mawe ya chuma? Tulipokuwa wanafunzi tulipanda juu ya mabaki hayo kama wajinga tukayabomoa, nami ni mmoja wa waliobomoa. Ilungu moja lilisimama karibu mita tatu. Chini palikuwa na matundu yaliyotiwa vibomba vya udongo, na hewa iliingia yenyewe, kwa kuwa moto mkubwa ndani ya tanuu ndefu huivuta hewa kutoka chini. Hakuna aliyevukuta. Lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, ikabidi kisafishwe katika tanuu ya pili, ndogo, iitwayo kintengwe. Hii haikuwa na kimo cha kuvuta hewa, kwa hiyo watu walikaa chini na mivukuto wakaisukuma hewa kwa mikono.

Basi wazee wale, bila kuingia darasa la fizikia, walijua kwamba moto unakula hewa kabla haujala kuni, na kwamba ukitaka moto mkali katika tanuu ndogo huna budi kusukuma hewa. Injini ya dizeli ni moto. Kilo moja ya dizeli yahitaji kilo kama 14 na nusu za hewa ili iungue yote. Ukimimina dizeli zaidi bila kuongeza hewa, hupati nguvu, unapata moshi mweusi. Wale wenzangu wa miaka ya 1990 wataikumbuka Bedford ya shule. Ile ilikuwa ilungu. Ilivuta hewa yenyewe, kadiri ilivyojaliwa, nasi juu ya magunia tuliimba nyimbo tatu nzima kabla haijamaliza mlima mmoja. Lori la siku hizi ni kintengwe, lina mvukuto wake, nao ndio tabo.

Aliyebuni jambo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Aliona kwamba moshi unaotoka kwenye injini hutoka na nguvu nyingi zinazopotea bure kupitia egzosi. Akasema, moshi huo uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo liunganishwe kwa shafti moja na gurudumu la pili, ambalo litashika hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hakuna mkanda wala gia, moshi wenyewe ndio mvukutaji. Kiwanda cha Saurer, cha huko huko Uswisi, kilitia tabo kwenye lori mwaka 1938. Hapa kwetu tulikaa muda mrefu na malori yasiyo nayo, ndiyo maana mafundi wengi wazee hawakuipenda ilipoingia.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha kisa changu. Shafti ile ya tabo, isiyo nene kuliko kidole, kwenye lori kubwa hufika mizunguko laki moja kwa dakika moja, na mara nyingine huzidi. Gawanyeni kwa 60 mtapata zaidi ya mizunguko 1,600 katika sekunde moja, yaani wakati wa kusema neno "Kate". Upande mmoja una moshi wenye joto la nyuzi 600 na zaidi, upande wa pili una hewa ya kawaida. Hakuna chuma kinachoweza kusuguana na chuma kwa mwendo huo kikapona. Kwa hiyo shafti haigusi beringi yake. Inaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Oili hiyo hutoka kwenye injini kwa paipu nyembamba, huishika shafti, huibebea joto, kisha hurudi chini kwa paipu nene. Ikikatika kwa sekunde chache tu, kazi imekwisha.

Aidha, sisi wa uwanda wa juu tuna shida yetu wenyewe. Ufipa iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, ni kama sehemu nne kati ya tano za hewa ya Dar es Salaam. Tabo yenyewe hulifidia pengo hilo, ndiyo sifa yake, lakini hulifidia kwa kuzunguka haraka zaidi. Lori lile lile, na mzigo ule ule, likiwa Sumbawanga tabo yake inakimbia kuliko likiwa pwani. Na wale wanaopanda na magunia ya dagaa kutoka Wampembe, ziwani, ambako ni kama mita 770 tu, wanapanda karibu mita elfu moja kwa gia ndogo, mguu umekanyaga mafuta hadi chini, vumbi la kiangazi linaingia kila tundu. Wakifika juu, jambo la kwanza wanalofanya ni kuzima injini na kwenda kunywa chai. Nitairudia hiyo chai.

Mwaka 2015 nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, nikiwa mhandisi mitambo mwenye cheo cha kutosha kusaini karatasi. Ofisi ilikuwa na lori la tani kumi. Dereva wake alikuwa mtu wa huku, tena ndiye yule yule aliyeendesha Bedford ya shule tulipokuwa watoto. Alipotuchukua kwenda Namanyere kwenye michezo alikuwa hatuulizi nauli wala kelele. Huko ofisini mimi nilikuwa mkubwa wake, nami nilimwita mzee, naye aliniita "Injinia" kwa namna iliyonifanya nijisikie bado nina kaptura ya shule.

Mwezi wa Julai tabo ya lori hilo ilikufa. Haikuwa ajabu, ilikuwa imefanya kazi miaka mingi. Gereji ikafunga mpya. Baada ya wiki saba ile mpya nayo ikafa, lori likiwa na mahindi, likipandisha. Tabo si kitu cha bei ndogo. Hiyo ya pili ilifikia karibu mishahara mitano ya dereva. Wakubwa wakauliza, na kamati ya uchunguzi ikaundwa, na mimi nikawa mtaalamu wa kamati.

Nilifungua tabo ile mezani. Shafti ilikuwa ya bluu. Vijana, chuma kikiwa cha bluu maana yake kimepata joto kubwa mno, na kwenye shafti ya tabo, penye beringi, maana yake mara nyingi ni moja: oili haikufika. Hilo nilifundishwa chuoni, nalo ni kweli. Nikamwita mzee. Nikamwuliza, "Mzee, oili ilikuwa chini?" Akasema, "Nilipima asubuhi, ilikuwa juu ya alama." Nikauliza, "Na geji?" Akasema, "Geji ilikuwa palepale pa siku zote, Injinia. Haikushuka hata mara moja." Nikaitazama shafti ya bluu, nikamtazama yeye. Vitu viwili hivyo havikuweza kuwa kweli pamoja, ndivyo nilivyodhani. Nikaandika kwamba dereva aliendesha gari likiwa na oili pungufu, na kwamba hasara imetokana na uzembe. Nikasaini. Mzee akahukumiwa kufidia, akakatwa theluthi ya mshahara kila mwezi, na akaondolewa kwenye lori akapewa kufungua na kufunga geti.

Dereva mwingine akapewa lori na tabo ya tatu. Ilikaa siku kumi na tisa.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Kama mzee alikuwa mzembe, uzembe wake ulikuwa getini, haukuwa kwenye lori. Nikaenda gereji siku ya Jumamosi, nikavaa ovaroli, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya kwa muda, nikaanza kufuata njia ya oili kwa vidole, kutoka kwenye injini hadi kwenye tabo. Nikafika kwenye paipu ile nyembamba. Nilimwuliza fundi kama waliibadilisha walipofunga tabo mpya. Akashangaa. "Paipu haijavunjika, mkuu, ya nini kuibadilisha?" Nikaifungua, nikaielekeza kwenye jua nikachungulia. Sikuona jua. Nikachukua chupa. Tukawasha injini, ikawa inanguruma polepole, tukaacha paipu imwage ndani ya chupa nami nikahesabu mpaka thelathini. Oili ilidondoka kama asali ya mwisho kwenye mzinga. Kikombe cha kahawa kisingejaa. Tukafunga paipu mpya, tukahesabu tena mpaka thelathini. Ilijaa karibu nusu lita.

Nikaiweka paipu ya zamani kwenye jiriwa nikaipasua kwa msumeno. Ndani ilikuwa imejaa masizi magumu, meusi kama lami iliyoungua, yamebakiza tundu la kupita sindano. Masizi hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye ile chai. Injini ikizimwa ghafla baada ya kupanda mlima, pampu ya oili imesimama, lakini tabo bado ni ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na oili iliyokwama ndani yake na kwenye mdomo wa paipu inakaangika. Leo utando mmoja, kesho utando wa pili. Injini ikiachwa ingurume bila mzigo dakika tatu au tano kabla ya kuzimwa, oili inayopita hulibeba joto likaondoka, na masizi hayapatikani. Basi tabo ya kwanza ilikufa kwa masizi hayo, na ya pili ikafungwa kwenye paipu ile ile, na ya tatu hali kadhalika. Tulikuwa tukibadilisha maiti huku muuaji tumemwacha amekaa mlangoni.

Na geji? Geji inapima msukumo wa oili ndani ya injini, kabla ya kuingia kwenye paipu ile. Mtu akipima maji kwenye tangi la shule, hajui kama bomba la jikoni limeziba. Mzee alisema kweli na shafti ilisema kweli. Mimi ndiye niliyeshindwa kuwasikiliza wote wawili kwa mara moja.

Mtasema, basi kosa bado ni la dereva, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizima injini ghafla. Nami nilisema hivyo, kwa muda wa kama saa moja, kwa sababu ilinipa nafuu. Kisha nikakumbuka waraka. Miaka miwili kabla ya hapo ofisi ilitoa waraka wa kubana matumizi, uliosema kila dereva azime injini mara tu gari linaposimama, na atakayekutwa gari likinguruma bila kwenda ataadhibiwa. Ulibandikwa ndani ya mlango wa kila gari. Waraka huo kabla ya kutoka ulipita mezani kwangu, kwa ushauri wa kiufundi, nami nilikuwa nimeandika pembeni, "Hakuna pingamizi."

Sitaki vijana mdhani kila tabo inayokufa mara kwa mara hufa kwa paipu. Tangu siku ile nimefungua nyingi, na hazifanani. Mbaya kupita zote, kwa maoni yangu, ni mabaki ya marehemu. Tabo ikipasuka, vipande vya mapanga yake husukumwa mbele kwenye bomba la hewa na kulala ndani ya interkula, ile rejeta ya kupozea hewa iliyo mbele ya gari. Fundi hufunga tabo mpya bila kuosha interkula, na vipande vile hukaa mwezi mzima, kisha siku moja hutikisika na kuingia kwenye silinda. Hapo si tabo tena, ni injini. Ya pili ni vumbi. Hozi ya mpira kati ya ea klina na tabo ikipata ufa, hata mdogo, mchanga wa barabarani hupiga mapanga mpaka ncha zake zinakuwa kama visu vilivyonolewa. Ukiona ncha za namna hiyo, usiilaumu oili, tafuta ufa. Ea klina iliyoziba nayo ni hatari, na ile desturi ya kuipigapiga kwenye tairi mpaka karatasi yake inatoboka ni hatari zaidi.

Kuna nyingine isiyo kosa la tabo hata kidogo. Oili inavuja kutoka tabo, inaingia kwenye egzosi, gari linatoa moshi wa bluu, fundi anasema tabo imekwisha. Anafunga mpya, nayo inavuja siku hiyo hiyo. Oili huteremka kutoka tabo kurudi injini kwa uzito wake tu, hakuna kinachoisukuma. Kama pistoni zimechakaa na injini inapumua sana ndani, au tundu lake la kupumulia limeziba, au paipu ya kurudishia imekunjwa, oili haishuki, nayo itatafuta njia ya pembeni. Hapo dawa iko kwenye injini, na tabo kumi hazitaponya.

Silikoni ya gasketi inayopakwa kwa wingi huingia kwenye njia ya oili ikakatika vipande. Paka kidogo, au usipake kabisa. Na wale mafundi wanaofungua pampu ya dizeli ili gari "lipate nguvu" wanaongeza moshi na joto, na huku juu kwetu ambako tabo tayari inakimbia, wanaimaliza. Juu ya spea za bandia sina la kusema ambalo mfuko wenu haujawaambia, ila hili: mara nyingi nimesikia tabo ikiitwa ya bandia na mtu ambaye hakutaka kupasua paipu.

Tabo mpya inapofungwa, mimina oili safi kwa mkono kwenye tundu lake, izungushe shafti kwa kidole, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha, mpaka uone oili inatoka upande wa kurudi. Ndipo uwashe, na usiikanyagie mafuta. Kazi yote haifiki robo saa.

Nirudi kwenye deni. Jumatatu niliandika barua ya kuifuta taarifa yangu ya kwanza. Nilidhani jambo la karatasi mbili litakwisha kwa wiki mbili. Lilichukua miezi kumi na moja. Kamati ilikuwa imevunjwa, na aliyeniuliza zaidi aliniuliza kama nina ugomvi na gereji. Hatimaye fedha alizokatwa zilirudishwa, na mzee akarudishiwa lori akaliendesha hadi alipostaafu. Waraka ule ulitolewa milangoni, ukaandikwa mwingine wenye zile dakika tatu ndani yake. Lakini miezi ile ya getini haikurudishwa, wala ada ya binti yake wa kidato cha pili iliyokosekana muhula mmoja akabaki nyumbani. Hilo la binti nililijua baadaye sana, tena si kutoka kwake.

Nilipokwenda nyumbani kwake kumwomba radhi alinikaribisha ugali, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Injinia, ungepima kwanza." Hakuongeza neno. Leo amekaa safu ya tatu, karibu na dirisha, nami nimemwomba anisaidie.

Ndugu Mwenyekiti, paipu yenyewe nimekuja nayo. Iko kwenye meza ya mbele, imepasuliwa katikati, pamoja na shafti mbili, moja ya bluu na moja nzima. Lori la wageni liko chini ya miti. Baada ya chakula, vijana wanaotaka waje huko, na mzee atawaonyesha mahali pa kushika hozi na mahali pasipofaa kushikwa. Waje na vitambaa, kwa maana oili haitoki kwenye shati jeupe.